Nyani Aliyeachiwa Moto

...nyani ni nyani tu, mwanangu, ana mkia na makalio mekundu, atamwakilisha nani, alisema Mita Mia, na wote wakacheka, binti yake mezani na kalamu mkononi, mkewe mlangoni akichambua mchele, hata shemeji yake pale kitandani alipolala tangu siku ya kisima, alicheka kwa kifua tu maana kuanzia kiunoni kwenda chini hakuna kinachocheka tena, na Mita Mia akajaa, chumba kikicheka yeye hunenepa, hilo jina lenyewe alijipa mwenyewe, alichimba kisima cha mita mia kwa sururu moja hadi akasikia watu wa upande wa pili wa dunia wakigombania kitanda, ndivyo anavyosema, kilikuwa mita kumi na nane, lakini nani alishuka kupima... "Baba, acha utani, mwalimu amesema kila mnyama kwenye hadithi hii ni mtu," na bila kungoja binti akasoma tena, mvua siku saba, wanyama wanakwenda kutafuta chakula, nyani anaachiwa moto aulinde, swala wanapita, nyani anaacha moto anapanda mti awaonyeshe anavyoning'inia kwa mkono mmoja, moto unazimika, wenzake wanarudi wanatetemeka, nyani anasema konokono ameutemea mate, na konokono kwa mwendo wake ule anapofika kujitetea, hukumu imeshapita... kitabu gani hiki, nani kakiandika, alikuwa wapi siku ile, maana pale kisimani walikuwepo wale akina mama watano tu, wamekuja na ndoo kuuliza maji yatatoka lini, na yeye juu ameshika kamba, ndoo ya mawe iko katikati inapanda, shemeji yuko chini, akawaambia maji kitu gani, jana humu nimetoa chatu, na mtu mzima akisimulia chatu ataonyesha unene wake kwa mkono mmoja?... "Swali la pili," binti akasema, "je, nyani ni mwovu kwa asili yake? Toa sababu," na shemeji akadakia kutoka kitandani, "Mimi andika konokono ni mjomba wako, si unaona mwendo wangu," wakacheka tena, kisha akasema taratibu, kama mtu anayejisemesha, "ila yule wa kitabuni amesingiziwa, mimi lile fundo la kamba ya ndoo nililifunga mwenyewe vibaya, nikikumbuka mikono yangu naona nimelikaza, nalikaza kila nikifumba macho, kumbe wapi," na Mita Mia akasema, "Shemeji, tusianze, mambo ya kazi hayo, mimi mwenyewe nimeangukiwa na mawe mara arobaini," mara arobaini, hajaangukiwa hata na kokoto, mwaka wa pili huu anambeba mgongoni kumpeleka chooni, majirani wanasema shemeji wa namna hii hazaliwi siku hizi, na yeye anasimama njiani na mzigo wake ili waseme vizuri... "Hakuwa mwovu," mkewe akasema bila kuinua macho kwenye ungo, "alipenda kuangaliwa, basi," akatupa kijiwe nje, na Mita Mia akakodoa macho kwenye ule mkono uliotupa, anajua, hajui, angejua angepika?... na kama ni kupenda kuangaliwa tu, basi nyani ana nafuu, mikono iliachia kamba yenyewe, ile ni bahati mbaya, hata malaika ingemponyoka, hivyo ndivyo alivyojitetea miaka miwili na akajiachia huru kila mara, lakini kule chini sasa, alipoteremka mbio, mita kumi na nane, hakuna swala aliyekuwa anaangalia, giza, shemeji anakoroma kwenye tope, na ndoo pembeni yake bado imefungwa, fundo zuri, limekaza, na mikono hii kabla haijamgusa mtu ililigusa fundo, ikalifungua kwa kucha, polepole, ndipo akapaza sauti kwamba fundo limefunguka... hapo alikuwa anamwonyesha nani, huyo aliyekuwa kule ni nani, si mcheshi, si mwongo wa kuchekesha watu, huyo anakaa humu, alikuwepo kabla ya chatu, na kesho atambeba tena shemeji na kusimama njiani... "Baba? Nyani ni mtu wa aina gani?" sema sasa, chumba kizima wamo, ni maneno matatu, nililifungua fundo mimi, mawili ukiondoa mimi, na mdomo ambao umesema maelfu ukafunguka, "Andika mwoga," akasema, sauti ndogo hata mkewe akainua uso, na binti akainama kuandika, akasita, "Mwoga wa nini, baba? Mwalimu anataka sababu," na shemeji akageuza shingo amsikilize, anapenda sana kumsikiliza, na Mita Mia akaona mikono yake imeinuka yenyewe hewani, vidole vimetanuka, tayari kuonyesha ukubwa wa kitu fulani, akaishusha, akaikalia, na kalamu ya binti bado imeinuliwa juu ya daftari, inangoja.