Harufu ya Mnanaa

Mkono wa kushoto ndio uliomponza Pipa, na hadi kesho mwenyewe ataapa kwamba hakuutuma.

Ilikuwa asubuhi, saa tatu haijagonga. Lori la kiwanda cha vioo lilikuwa likiteremka barabara ya viwandani, nyuma limebeba vioo kumi na vinane vya madirisha, vimesimamishwa kwenye chaga za mbao na kubanwa kwa mikanda, kila kimoja kirefu kuliko mtu. Anayeendesha vioo haendeshi gari, anabeba mtoto aliyelala. Pipa aliijua kazi hiyo. Breki zake laini, kona zake pana, na kwenye matuta alipita kama mtu anayeingia nyumba yenye maiti.

Kwenye leseni hakuandikwa Pipa, bila shaka. Jina hilo alilipata enzi zile za kunywa, kwa kuwa ukimmiminia jioni hajai, na asubuhi yuko mkavu anadai tena. Miaka mitatu sasa hajagusa hata tone. Lakini jina la utani ni kama gundi ya vioo, ikishakauka utakwangua mpaka uchoke. Hata bosi wake alimwita Pipa, tena mbele ya wateja.

Pembeni yake alikaa fundi wa kukata vioo, bwana mwenye vidole vya makovu na mdomo usio na breki. Walipokata kona ya ghala la saruji, fundi akanyoosha kidole.

"Mama yangu! Leo wamehamia huku."

Koni nne barabarani. Gari la polisi limeegeshwa upande. Fundi akainama kutafuta karatasi za mzigo miguuni, na ndipo mkono wa kushoto wa Pipa ulipoachia gia, ukaingia kwenye kisanduku cha katikati ya viti, ukatoka na kichupa cha dawa ya kusukutua mdomo. Funda moja. Kulia, kushoto, tena kulia. Akatema dirishani, kichupa kikarudi kisandukuni, na gari likasimama mbele ya koni kwa adabu zote. Mchezo mzima haukuzidi pumzi mbili. Mazoea yana taabu, wahenga walisema, nao hawakuwa na leseni.

Askari aliyekuja dirishani alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya chini, sauti ya kubembelezea mtoto. Pipa alizoea maafande wa kufoka. Anayefoka unajua amefikia wapi. Huyu hakufoka.

"Habari za asubuhi, dereva. Zima gari. Naomba leseni."

"Nzuri, afande. Hii hapa."

"Umetema nini?"

"Mate tu, afande."

Uongo ule ulitoka kabla hajaufikiria. Kama mkono vile. Afande alimtazama kidogo, kisha akavuta hewa puani, taratibu, kama mtu anayenusa sufuria ya jirani.

"Shuka," akasema.

Sasa, ili uelewe kwa nini Pipa aliliogopa neno hilo wakati hakuwa na kosa, lazima ujue habari za begi. Nyumbani kwake, juu ya kabati la chumbani, liko begi la kahawia. Miaka mitatu iliyopita mkewe alilijaza nguo zake na za watoto wawili, akalifikisha mlangoni. Pipa alipiga magoti pale pale, akalia, akaapa. Mke akalirudisha begi, lakini hakulifungua. Akalipandisha juu ya kabati kama lilivyo, akasema, "Litakaa hapo. Siku nikikunusa tena sitapanga nguo, baba watoto. Nitashusha tu." Tangu hapo kila Pipa afumbuapo macho, kitu cha kwanza kuonana nacho ni begi. Watoto walishazizidi nguo za mle ndani. Begi halijafunguliwa.

Afande akatoa mashine ya kupima ulevi, ndogo kama simu ya kizamani, akachomeka kimrija cha plastiki.

"Puliza. Usiache mpaka nikwambie."

Pipa akapuliza. Mashine ikalia mlio mmoja mrefu. Afande akaitazama, uso wake haukubadilika, akamgeuzia. Namba nyekundu.

"Mara tatu ya kiwango," akasema kwa sauti ile ile ya kubembeleza. "Saa tatu asubuhi."

"Afande, sijanywa! Wallahi sijanywa!"

"Najua. Mwaka wa tisa huu niko barabarani, sijawahi kukutana na aliyekunywa."

Akaitia leseni kwenye mfuko wa kifuani na kufunga kifungo. Pipa alikitazama kifungo kile kikiingia tunduni, na begi likamjia machoni, kamba zake mbili zimening'inia.

Fundi akaruka chini upande wa pili, akazunguka lori huku anajifuta vumbi.

"Afande, shikamoo. Samahani sana. Bwana huyu ana haki zake."

"Wewe ni wakili?"

"Mimi ni fundi vioo. Lakini mwaka juzi nililala kituoni kwenu siku mbili, na mle ndani hakuna gazeti, kuna bango tu la haki za dereva. Nimelisoma mara mia nne. Naweza kuliimba." Akahesabu kwa vidole vyake vya makovu. "Kimrija kipya, kifunguliwe mbele yake. Aonyeshwe namba. Akibisha, apimwe tena baada ya dakika kumi na tano, na katikati hapo asile, asinywe, asivute. Akibisha tena, damu, hospitali."

Pipa alidhani afande atawaka. Badala yake akaitikia kwa kichwa, akachomoa kile kimrija, akakitupa.

"Umesoma vizuri. Bango lina mstari wa chini pia. Ya pili ikizidi, lori linakwenda yadi, na yeye anakwenda na mimi." Akatazama saa ya mkononi. "Dakika zako zimeanza, dereva. Simama hapo kwenye mlango. Mikono nione."

Akaenda kusimamisha gari jingine, lakini jicho moja akaliacha.

Pipa akasimama penye mlango wa lori ulio wazi. Jua lilikuwa limepanda, likapiga vioo, na kutoka pale aliweza kujiona ndani ya kile cha kwanza, na nyuma yake ndani ya cha pili, na cha tatu, Pipa nyuma ya Pipa, wote wamening'iniza mikono kama nguo zilizoanikwa. Upepo ulipopita mikanda ikalia, na Mapipa yote yakatetemeka kwa pamoja.

"Kaka," fundi akamnong'oneza, "mimi si afande. Umegusa?"

"Sijagusa."

"Hata ya kuonja?"

"Nakwambia sijagusa!"

"Basi mashine imetoa wapi, kwenye vioo?"

Swali hilo likaanza kumla Pipa. Je, usiku alitembea usingizini? Je, alikunywa na kusahau, kama zamani, siku ambazo habari zake alikuwa akizipata kwa majirani?

Na majirani hawakukawia. Pikipiki ikapita, nyuma amekaa mama mmoja wa mtaani kwao, aliyebatizwa Mama Redio kwa sababu habari zake hazisubiri saa kamili. Akaliona koti la polisi, akaliona lori, akamwona Pipa. Pikipiki iliendelea mbele, lakini shingo yake ilibaki imegeuka nyuma kama ya bundi.

"Tumekwisha," Pipa akasema.

Hazikupita dakika tatu simu ikaanza kutetemeka mfukoni. Hakuhitaji kuitazama.

"Mikono, dereva," afande akasema kwa mbali, hata hakugeuka.

Simu ikaita mpaka ikakata. Ikaita tena. Zamani pia, alipokuwa amelala kwenye mabenchi ya watu, simu ilikuwa ikiita hivyo hivyo na yeye hapokei. Mkewe alijua mlio wa simu isiyopokelewa kuliko mlio wa kengele ya shule. Mara ya tatu. Ya nne. Halafu ikanyamaza, na ule unyamavu ukamtisha Pipa kuliko namba nyekundu.

Jasho likamtoka. Afande alikuwa amewapa mgongo, anaandika namba za gari la mchanga. Zilibaki dakika kama sita. Na mkono wa kushoto, ule ule, ukajipenyeza mlangoni polepole, ukapita juu ya kiti, ukafika kisandukuni.

"We!" Fundi akaudaka. "Unatafuta nini humo?"

"Hicho... nisafishe mdomo tu. Nisimnukie vibaya."

Fundi akakinyang'anya kichupa, akakisogeza machoni. Maandishi ya nyuma yalikuwa madogo kama mayai ya chawa. Akasoma, midomo ikicheza, kisha akatulia.

"Pipa. Ulisukutua na hii tulipofika?"

"Kidogo."

"Kidogo, anasema! Pombe iliyomo humu, baba, hata wewe wa zamani ungeomba maji ya kuichanganyia!" Alitaka kucheka, akashindwa. "Umejipaka pombe mdomoni, ukaenda kumpulizia polisi. Na sasa ulitaka kuongeza! Mungu wangu, kuna mtu aliwahi kujifunga mwenyewe hivi, tena kwa usafi?"

Pipa akaegemea lori. Kumbe. Hakuwa mlevi wala hakuwa kichaa. Ilimjia nafuu kubwa, lakini nyuma ya nafuu ile kulikuwa na kitu kingine, hakutaka kukigeukia.

Dakika zilipotimia afande alirudi. Fundi akamkabidhi kichupa kwa mikono miwili kama anatoa mahari. Afande akasoma, akafungua kifuniko, akanusa.

"Mnanaa," akasema. "Nilikuona ukitema. Wateja wangu wote wananukia hivi. Asiye na kitu hanukii chochote, dereva. Ananukia chai."

Akachana karatasi ya kimrija kipya mbele ya macho yake, polepole, ili aone. Pipa akapuliza. Kifua kilimuuma. Vioo nyuma yake vilitulia kabisa.

Sifuri.

Afande akaitazama sifuri ile muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitaji. Akaandika karatasi, namba zote mbili na saa zake, akasaini, akafungua kifungo, akamrudishia leseni. Na kichupa.

"Nenda. Mimi nimemaliza na wewe."

Njiani fundi alipiga kelele za ushindi. "Karatasi hiyo itie kwenye fremu! Kioo nitakukatia bure, cha milimita nne!" Pipa alicheka pale palipohitaji kicheko. Alimpigia mkewe mara mbili. Hakupokea.

Walishusha vioo vyote kumi na vinane, hakuna kilichopata hata mkwaruzo. Saa saba mchana Pipa alilipaki lori nje ya nyumba yake, karatasi ya afande mkononi kama mtoto aliyefaulu. Watoto walikuwa shuleni. Mlango ulikuwa wazi, jambo ambalo si kawaida.

Mkewe alikuwa amekaa kwenye kochi, amevaa viatu. Begi la kahawia lilikuwa sakafuni karibu na miguu yake. Vumbi la juu lilikuwa limefutwa.

"Mama watoto, nisikilize. Sikunywa. Hii hapa, soma. Sifuri, na sahihi yake."

Hakuipokea. Akainuka, akamsogelea mpaka pua yake ikafika kwenye kidevu cha mumewe, kama alivyokuwa akifanya mlangoni miaka ile. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu aliumwa miaka saba. Akavuta hewa.

"Mnanaa," akasema.

"Ni dawa ya mdomo! Mashine ilikosea kwa ajili yake. Nikangoja dakika kumi na tano, nikapimwa upya. Afande mwenyewe amekubali."

"Afande ameishi na wewe miaka mingapi?"

Pipa akaikunja karatasi.

"Unajua mimi pombe nilikuwa siisikii?" mkewe akaendelea, bila hasira yoyote, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. "Ulikuwa fundi wa kuficha. Nilichokuwa nakisikia ni huu mnanaa. Ukiingia unanukia mnanaa, nawaambia watoto wakalale. Iko wapi?"

Pipa akakitoa kichupa mfukoni. Mkewe akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa kimefika nusu. Akakigeuza, akatafuta tarehe chini yake, akaipata.

"Hii si ya zamani. Hii ni ya mwaka huu."

"Ni... nikiona polisi tu. Mkono unakwenda wenyewe. Mama watoto, naapa, ni mkono."

"Mkono ndio uliokwenda dukani?"

Nje, injini ya lori iliyokuwa ikipoa ikatoa mlio mdogo wa chuma. Pipa alihesabu kichwani bila kutaka. Kimoja baada ya kuacha. Kingine kilipokwisha. Kile cha Pasaka. Hiki.

"Siku ile ulitupa chupa zote," mkewe akasema. "Nilisimama pale kwenye shimo la taka nikakuona kwa macho yangu, na nikakuamini. Hii ya kuficha ukaendelea kununua. Miaka mitatu. Sikuulizi kama umekunywa. Nakuuliza, ulikuwa unaiwekea siku gani?"

Pipa akafungua mdomo. Pumzi ikatoka, yote, ndefu, kama mtu aliyeambiwa asiache mpaka aambiwe.

"Basi nipe dakika kumi na tano," akasema mwishowe, "nifikiri."

Mkewe akatazama saa ya ukutani. Akakaa tena kwenye kochi, hakuvua viatu. Akalipandisha begi magotini, akalishika kamba zote mbili, na akaanza kungoja.