Nafasi ya Bwambale

Picha inasamehe. Sauti haisamehi. Hilo nilijifunza peke yangu, bila mwalimu, kwa kuharibu video za harusi tatu. Mwaka 2014 niliamini kwamba kutoka Bwera hadi Kasese hakuna mtu anayenishinda kuhariri. Bado naamini.

Mumbere alikuja studio yetu ya Bwera siku ya Jumatatu, akitoka Kasese anakouza saruji. Alibeba bahasha ya picha za zamani. Wazazi wake, Eridadi na Alisi, walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa, na ibada ya shukrani ilikuwa Jumapili. Alitaka filamu ya dakika kumi na mbili, ionyeshwe kanisani baada ya mahubiri. Alitaka pia mti uliochorwa: wazazi wawe shina, matawi yachipuke yenyewe, na kila tawi lifungue sura ya mtoto na jina lake.

"Watoto ni wangapi?" niliuliza.

"Ine. Mimi, Masereka, Kule, na dada yetu Musoki."

Wivine, mshirika wangu, aliacha kuandika. Yeye ni wa Butembo. Kazi hii aliianzia kwenye redio ya parokia, kabla vita havijamleta upande huu wa mpaka.

"Na wa pili iko wapi?" aliuliza.

Kwa Wakonzo, na kwa watu wa Wivine pia, jina la mtoto ni nafasi yake katika kuzaliwa. Upande huu mvulana wa kwanza ni Mumbere, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule. Wasichana wana safu yao. Ukiruka mmoja, hata mtoto wa shule ya awali atakukamata.

Mumbere alifunga bahasha, akaifungua tena. "Huyo alipeleka mzee kortini juu ya shamba ya kahawa. Mzee akasema jina yake isitajwe tena nyumbani. Sasa ni miaka sita. Anakaa Kahendero, kwa ziwa, na samaki yake. Kwa picha utamtoa, fundi."

Picha aliyomo ilikuwa moja tu, ya mwaka 1989, watoto watano mbele ya ukuta wa udongo. Bwambale alisimama katikati, mkono wake juu ya bega la Kule. Nilichora mstari kuuzunguka mwili wake nikauondoa, kisha nikaziba tundu kwa vipande vya ukuta wa pembeni. Anayetaka kuijua kazi hii asinakili kipande kimoja mara mbili, kwa sababu jicho hutambua ufa unaojirudia. Mkono ulinichukua siku nzima. Vidole vilikuwa vimekunja shati la Kule, na nilipoviondoa, mikunjo ilibaki, kana kwamba shati limeshikwa na hewa. Nikainyoosha mkunjo baada ya mkunjo.

Tatizo la majina nililimaliza kwa dakika moja. Kwenye mti niliandika majina ya ubatizo: Benon, Caleb, Yona, Ronah. Hayo hayana nafasi. Hakuna anayeweza kuyahesabu.

"Uko mwerevu, Magidu," Wivine alisema. "Siku moja utatoa hata wewe mwenyewe kwa picha ya mama yako."

"Kama atalipia."

Hakucheka.

Alhamisi aliletwa Mama Alisi kurekodi sauti. Binti yake Ronah, ndiye Musoki, alimshika mkono kwenye ngazi, kwa kuwa macho ya mama yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho na alibaki kuona mwanga tu. Tulifunga dirisha, tukatundika blanketi mlangoni, tukangoja malori ya kwenda Kongo yapite. Kwanza nilirekodi ukimya wa chumba peke yake kwa nusu dakika. Wengi hawafanyi hivyo, na ndiyo maana kazi zao zina mashimo. Kila chumba kina ukimya wake. Ukitaka kuziba mahali ulipokata, unaziba kwa ukimya wa chumba hichohicho.

Mama alisimulia kwa Lhukonzo, polepole, jinsi Eridadi alivyomchumbia na jinsi walivyopanda kahawa ya kwanza. Mwishoni alitaja wanawe mmoja mmoja, akivuta pumzi kabla ya kila jina. Mumbere. Bwambale. Masereka. Kule. Kisha Musoki.

Nilizima mashine. Ronah alitazama sakafu.

"Mama," nilisema, "Mumbere alisema wa pili asitajwe."

"Nimesikia munamutoa kwa picha. Macho yangu imekwisha, picha ni yenu. Lakini mimi nilizaa watano. Nikisema wanne mbele ya kanisa, nitakuwa nimezika mutu muzima. Nataka baba yake asikie hiyo jina kabla nikufe."

"Lakini aliyenipa kazi ni Mumbere."

"Huyo Mumbere nilimuzaa mimi. Alikuja na kichwa kubwa, ikanisumbua siku mbili. Mpaka leo inasumbua."

Ronah aliziba mdomo kwa leso.

Jioni nilimpigia Mumbere. "Toa," alisema. "Jumamosi nakuja kusikiliza. Nilikupa kazi wewe, si mama."

Ningeweza kukataa. Angeipeleka kwa wale wa Kasese, ambao hukata sauti kama wanakata mkungu wa matoke. Nilimwambia sawa.

Ijumaa nilikata jina, nikalisogeza la Masereka hadi karibu na la Mumbere. Nilisikiliza mara tano. Neno halikuwepo tena, lakini sauti ilichechemea. Wivine alivua spika zake za masikioni.

"Umemubana. Anasema kama mutu anakimbizwa na askari. Mama hakusema vile."

Alisema kweli, na mimi sipendi watu wanaosema kweli. Nilirudisha kila kitu. Safari hii niliondoa jina tu. Pumzi iliyolitangulia niliiacha, na mahali pa jina nikaweka ukimya wa chumba, urefu uleule, sekunde moja na kidogo. Sasa Mama Alisi alikuwa anapumua kama mtu. Nilijua pia ninachokiacha wazi. Sitasema sikujua.

Jumamosi Mumbere alisikiliza mara mbili, amefumba macho. "Iko safi," alisema, akaondoka.

Jumapili kanisa lilijaa hadi nje. Mzee Eridadi aliketi safu ya mbele na koti lake, mkewe kando yake. Mti ulichipua, sura zikafunguka, watu wakapiga makofi. Kisha ikaja picha ya mwaka 1989, na juu yake sauti ya Mama Alisi kwenye spika za kwaya.

"Mumbere." Pumzi. Ukimya.

"Bwambale," akasema mwanamke mmoja nyuma, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejibu salamu. Wengine kama kumi walilisema pamoja naye. Nadhani hawakupanga. Walikuwa wamesikia majina hayo kwa mpangilio huo tangu walipozaliwa, na mdomo ulikwenda wenyewe.

"Masereka," sauti ikaendelea.

Mumbere alifika kwenye meza yangu ya mashine, nyuma ya kanisa. "Nilikwambia utoe."

"Nimetoa. Sikiliza mashine. Haina."

"Simamisha, Magidu."

Nilisimamisha. Kwenye safu ya mbele, Eridadi alikuwa amemgeukia mkewe. Aliuliza kwa Lhukonzo, na kanisa zima lilisikia: "Alisi, ulimtaja au hukumtaja?"

"Nilimtaja. Wao ndio wamemtoa."

Mzee aligeukia tena picha. Kisha alininyooshea mkono bila kutazama nyuma. "Rudisha."

Mumbere alishika ukingo wa meza. Nilirudisha.

"Mumbere." Pumzi. Safari hii hakuna aliyejibu. Wote walimtazama mzee. Nafasi ilipita tupu, na Masereka akatajwa.

"Rudisha tena."

Nilirudisha. Mumbere. Pumzi. Ukimya. Eridadi alifungua mdomo, akasafisha koo, akasema, "Bwambale." Alichelewa, jina likaangukia juu ya la Masereka hata yote mawili yakasikika vibaya. Kwenye studio ningerekodi upya. Mama Alisi alipapasa hadi akapata goti la mumewe, akaweka mkono hapo, na niliiacha filamu iende.