Nusu Saa Kila Jumapili

Fernande Ouellet hakuwa mtu wa kukuomba jambo. Alikuagiza, na akishamaliza alikurudia na agizo lilelile, kwa imani kwamba mara ya kwanza hukusikia vizuri. Siku alipostaafu ukuu wa tawi la benki katika mji wa Rivière-du-Loup, Kanada, wafanyakazi walimfanyia sherehe kubwa mno, na wenye ndimi mbaya husema wengine walianza kushangilia kabla hajafika.

Mdogo wake, Huguette, alikuwa kinyume chake kwa kila kitu. Huyu aliacha sufuria jikoni akaenda kusimulia mambo kwa jirani. Mwaka mmoja aliazima gari la dada yake kwenda kununua maziwa, na aliporudi akakanyaga mafuta badala ya breki, akaingia nalo ukutani mwa gereji. Maziwa yalisalimika. Fernande hakuyatia katika hesabu.

Kilichowaunganisha ni mama yao, Laurette, aliyewekwa katika nyumba ya wazee kule mlimani. Chumba chake kilikuwa safi, supu ilikuja na joto lake, na Mama hakupataka. Alitaka kuhamia kwa Huguette, kwenye kile chumba nyuma ya jikoni, asikie vyombo vikigongana na watu wakigombana. Huguette naye alimtaka kwa moyo wake wote, mpaka pazia alikwisha kununua. Lakini mwenye mamlaka ya kusaini alikuwa Fernande, na Fernande aliona kwamba mtu anayeunguza mbaazi hawezi kukabidhiwa mama.

Januari, siku moja kabla Fernande na mumewe hawajaruka kwenda Florida kukimbia baridi, dada hao wawili walikutana chumbani kwa Mama. Hapo ndipo Fernande alipotoa mtihani wake.

"Nakuachia gari," alimwambia Huguette. "Nikirudi nikalikuta linawaka, tutazungumza habari ya Mama. Nikilikuta limekufa, basi, nitakuwa nimepata uthibitisho."

Gari lenyewe lilikuwa haibridi, la petroli na umeme pamoja, jipya, rangi ya fedha. Fernande alieleza polepole, kama anayemweleza mteja aliyekataliwa mkopo. Chini ya sakafu mna betri kubwa inayosukuma gari. Nyuma, kwenye buti, mna betri ndogo ya kawaida, na hiyo ndiyo huiamsha ile kubwa. Gari likikaa siku nyingi bila kuwashwa, ndogo huishiwa, na kubwa hata ikijaa pomoni haifai kitu, kwa kuwa hakuna wa kuiamsha.

"Kwa hiyo kila Jumapili, nusu saa. Unakaa, unabonyeza kitufe, betri inajichaji yenyewe. Usishangae likinyamaza, ndivyo lilivyo. Halipigi makelele kama kile kikopo chako unachokiita gari. Na pedali usiguse."

"Nisiguse hata..."

"Hata moja, Huguette. Nimeshajenga ukuta mara moja. Miguu yako ikunje kama uko kanisani."

Mama, aliyekuwa anafuma soksi, aliinua macho akawatazama wote wawili, kisha akarudi kwenye soksi yake.

Basi Huguette, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akaamua kutii. Jumapili ya kwanza alimpitia Mama, wakaenda uani kwa Fernande, maana kukaa nusu saa peke yake ndani ya gari lililosimama aliona ni wazimu. Akamkalisha kiti cha abiria, akakunja miguu, akabonyeza kitufe. Kioo cha mbele ya usukani kikawaka, redio ikaimba, feni ikavuma. Injini kimya kabisa. Huguette akafurahi, kwani kimya ndicho alichoahidiwa.

Shida ilikuwa upepo ule wa feni. Ulikuwa baridi, na nje mto unaopita mjini ulikuwa umeganda mpaka ng'ambo. Huguette alijaribu vitufe vyote, wapi. Mama akajifunika blanketi mpaka kidevuni.

"Gari lina ubahili," akasema Mama. "Limefuata mwenyewe."

Wakacheka mpaka vioo vikafanya ukungu. Wakala pai ya sukari kwa mikono, Mama akahadithia vijana waliomposa kabla ya baba yao, mmoja mmoja, pamoja na kasoro zao. Huguette hakuwa amewahi kuzisikia habari hizo. Nusu saa ilipokwisha alibonyeza kitufe, akamrudisha Mama akiwa na mashavu mekundu na anadai Jumapili ijayo waje na kahawa.

Wakaja na kahawa. Jumapili iliyofuata wakaja na karata. Manesi wakaanza kusema kwamba Laurette siku hizi anamaliza chakula chake na anawatania wazee wa kiume. Huguette aliliangalia gari lile kwa mapenzi kabisa. Lilimponya mama yake, na yeye kazi yake ni kubonyeza tu.

Halafu Jumapili moja kioo kikaleta maandishi mekundu, na redio ikakatika katikati ya wimbo. Huguette alikuwa ameacha miwani nyumbani, na ya Mama ilikuwa ya kuonea mbali tu. Alitamani kumpigia Fernande amuulize, lakini kumuuliza Fernande swali ni sawa na kujaza fomu ya kushindwa. Akawaza mwenyewe, akaona labda gari halishibi, baridi imezidi. Akaona aliongezee. Jumapili iliyofuata akakaa nalo saa nzima, redio na feni na taa za ndani, vyote vikifanya kazi, kwa upendo. Siku hiyo wakati wa kuondoka taa zilikuwa hafifu kidogo. Huguette akasema hata gari huchoka likila sana.

Fernande alirudi Jumamosi moja ya Februari, amebabuka pua kwa jua na amevaa suruali nyeupe ya kitani. Huguette alikwisha kufika uani kwake na Mama, amempamba, na Mama amebeba kimkoba chenye mswaki na gauni la kulalia, kwa matumaini. Theluji ilikuwa inaanza kuanguka. Fernande aliinua ufunguo wake akabonyeza.

Gari halikujibu. Akabonyeza tena. Akashika mlango, mlango ukakaa vilevile. Gari lilikuwa limekufa, na lilionekana halina nia ya kufufuka.

Fernande hakupandisha sauti. "Basi," akasema, "Mama atabaki alipo."

 Huguette alitaka kusema kwamba hakukosa hata Jumapili moja, akaona aibu kujitetea kama mtoto wa shule. Mama alikuwa amekishika kimkoba chake kwa mikono miwili.

Walimwita fundi wa barabarani, akaja, bonge la mtu mwenye ndevu zilizoganda. Ndani ya ule ufunguo wa Fernande alichomoa kiufunguo kidogo cha chuma ambacho Fernande hakujua kama kipo, akafungua mlango wa dereva. Lakini betri ilikuwa kwenye buti, na buti lenyewe hufunguliwa kwa umeme. Ilibidi mtu apite juu ya viti vya nyuma, atambae mpaka mwisho, avute kikamba cha dharura. Fundi akatazama nafasi, akatazama kitambi chake, akawatazama wanawake. Goti la Huguette likaanza kuuma dakika ileile.

Ndivyo mkuu wa tawi mstaafu alivyoingia katika gari lake kwa magoti, suruali nyeupe juu na viatu vikining'inia nje, huku akitoa maagizo ambayo hakuna aliyeyasikia. Buti likafunguka. Fundi akaunganisha nyaya, akasubiri kidogo, akamwambia awashe.

Fernande akakaa kwenye usukani akiwa na vumbi puani, akakanyaga, akabonyeza. Kwenye kioo ikawaka taa ya kijani ambayo Huguette hakuwahi kuiona hata siku moja.

"Umekanyaga nini hapo chini?" Huguette akauliza.

"Breki, si breki? Bila breki gari haliwaki. Linawasha redio na taa tu, basi, linakula betri. Kila mtu anajua."

"Mimi nilikatazwa."

 Fernande akajaribu kusema kwamba mtu mwenye akili angekanyaga tu. Huguette akamuuliza kama angekanyaga, leo angeambiwa nini. Fundi akapata kazi ya ghafla ya kukunja nyaya zake.

"Mimi naangalia matokeo," Fernande akasema hatimaye, akashikilia hapo kama mtu aliyeshika ukingo wa boti. "Gari liliachwa mikononi mwako, na limekufa."

Mama akasogea mpaka kwenye mlango wa gari.

"Tuangalie matokeo, mwanangu," akasema. "Gari uliliachia mtu, ukampa na siku, ukampa na saa, na maelekezo mara mbili mbili. Mimi uliniachia nani?"

Akahamishia kimkoba chake mkono wa pili.

"Hukuniachia mtu. Nilikuwa humo ndani na huyu, kwenye kiti hicho, kila Jumapili. Haya, tutazame sisi wawili, mimi na gari lako. Nani amelala, nani amesimama?"

Fernande akamtazama mama yake, mashavu, koti lililofungwa vifungo vyote, mkoba. Akatazama mikono yake mwenyewe juu ya usukani. Huguette akamhurumia, na akajikasirikia kwa kumhurumia.

Fundi akakohoa, akasema wasilizime gari lile kabla halijamaliza saa nzima, na kama wana pa kwenda, waende.

Wakaingia wote watatu. Fernande aliendesha mpaka mbele ya nyumba ya wazee, akasimamisha mlangoni. Huguette akajua Mama amerudishwa.

"Nenda kalete vitu vyake," Fernande akasema, macho mbele. "Vyote. Waambie makaratasi nitakuja kusaini Jumatatu. Mimi siwezi kushuka, gari lisije likazimika."

Huguette alipanda ngazi mbiombio akasahau kwamba ana goti. Aliposhuka na sanduku na mifuko miwili, theluji ilikuwa imetanda kwenye vioo, lakini kwa pembeni aliona kiti cha dereva kitupu. Fernande alikuwa amehamia nyuma, alikokaa Mama. Mama alikuwa anamwambia jambo taratibu, na Fernande, ambaye maisha yake yote hakuna aliyewahi kumaliza sentensi mbele yake, alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza, anajifuta macho kwa mkono wa shati.

Mama akamwona Huguette kupitia kioo, akamwonyesha kiganja: ngoja. Huguette akaweka sanduku chini kwenye theluji, akangoja.