Kaka wa Mitambo ya Upepo

Wenzake kwenye chumba cha kuongozea umeme walimwita Mizani, na jina hilo alilipenda. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha umeme unaoingia kwenye gridi unalingana na ule unaotumiwa na watu. Ukizidi ni balaa, ukipungua ni giza.

Zamani kazi ilikuwa nyepesi. Kisha ikaja sola kule bondeni, na mitambo ya upepo juu ya mlima. Jua na upepo havina bosi, vinakuja vikitaka. Adhuhuri, jua likiwaka na upepo ukivuma kwa pamoja, laini ya kwenda mjini ilielemewa, ikabidi upande mmoja upunguzwe, bondeni au mlimani.

Msimamizi wa mitambo ya upepo alikuwa kaka yake, baba mmoja mama mmoja, aliyemsomesha yeye, dada yake mdogo, baada ya baba yao kufariki. Siku za mwanzo mwenzake mmoja alitania, "Leo upepo hauguswi. Mcheza kwao hutunzwa." Watu wakacheka, naye akacheka, lakini utani ule ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Tangu hapo, kila umeme ulipozidi, alikata wa upepo, wa jua akauacha.

"Mlimani, simamisha mitambo sita," alisema kwenye simu.

"Sawa, kituo," kaka alijibu. Kazini hakubishana hata siku moja.

Kaka aliuliza nyumbani kwa mama yao, Jumapili, akiwa amepiga magoti chini ya sinki anatengeneza bomba.

"Mdogo wangu, hivi bondeni nao huwa unawapunguza?"

"Kaka, laini imejaa. Nifanyeje?"

"Sijauliza laini. Nimeuliza bondeni."

"Ya kazini tuyaache kazini, kaka."

Kaka akaendelea kukaza nati.

Mtambo usiozunguka hauuzi umeme. Kabla mwaka haujaisha, kampuni ya upepo ilipunguza wafanyakazi, kaka akiwemo. Akahamia mji wa mbali na mke na watoto, akafungua karakana ya kutengeneza friji. Aliaga vizuri, akamkumbatia, na hilo ndilo lililomuuma dada mtu. Angetukanwa, angalau angepata pa kujitetea.

Miaka ikapita. Zikafungwa betri kubwa za kuhifadhi ziada ya mchana na kuitoa jioni, na ugomvi wa jua na upepo ukaisha. Siku moja, wakinywa chai, mkuu wake akamuuliza, "Enzi zile mbona ulikuwa unakata upepo tu? Si ungewagawia nusu kwa nusu? Nani alikukataza?"

Hakuna aliyemkataza. Alitaka tu watu wasiseme anapendelea, na kweli hawakusema.

Akatoka nje, akapiga simu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Mama hajambo?"

"Hajambo. Kaka, leo mitambo yako inazunguka yote."

"Vizuri. Ilikuwa mitambo mizuri ile."

"Kaka, kipindi kile mimi ningeweza..."

"Najua," alimkatiza kwa upole. "Nilijua tangu siku ile kwa mama. Nikasubiri uniambie mwenyewe."

Upande wa pili mtu akauliza friji yake imefikia wapi.

"Ngoja nimhudumie mteja," kaka akasema. "Tutaongea."

Waliongea mara nyingi baadaye, juu ya mama, juu ya watoto. Juu ya hilo, hawakuongea tena.