Busu la Wifi

Wifi yangu hakuniacha hata nipumue. Tangu nilazwe wodi ya walioungua ni yeye na kiti, kiti na yeye. Daktari akiniuliza kama nina maumivu, wifi anajibu. Mgawa chakula akiniuliza kama nimeshiba, wifi anajibu. Wauguzi wakambandika jina la Msemaji, naye akacheka, akidhani anasifiwa. Mimi najua hakuja kuniuguza. Kaka yake, mume wangu, alimtuma aje aulinde mdomo wangu.

"Aliteleza jikoni, jamani! Sufuria la maji yanayochemka likammwagikia. Ajali haina kinga," alimwambia kila aliyepita, kisha ananikazia macho. Nami naitikia kwa kichwa. Kuna siku nilitaka kusema vingine, akaniinamia sikioni: "Wifi, kaka akifungwa, mimi na wanao tutakula wapi?" Usinione mjinga. Nyumba ni ya kaka yake, na wanangu wawili wamo humo.

Wageni wakija ndipo utamjua. Bendeji ya mkono ilikuwa imeshatolewa ili ngozi niliyopandikizwa ipate hewa. Basi ananyanyua ule mkono na kuubusu karibu na kiwiko. "Wifi yangu kipenzi!" Na machozi juu. Wiki ile homa ilikuwa imemtoka mdomoni, vidonda viwili pembeni mwa midomo, na bado anabusu tu. Nilitamani kumng'ata.

Daktari akasema naendelea vizuri, Jumamosi nitaruhusiwa, mume wangu aje kunichukua. Wagonjwa wenzangu wakanipongeza. Mimi niliogopa kuliko siku yenyewe ya maji, maana siku ile sikujua kama yanakuja.

Siku mbili kabla ya Jumamosi hiyo niliamka mwili unachemka. Sista, yule muuguzi mtu mzima wa zamu ya asubuhi, alikuja kunisafisha mkono, akainama kuutazama kwa karibu. Kuzunguka ngozi mpya palikuwa pametoka malengelenge madogo yaliyosongamana, kila moja limebonyea katikati.

"Maji ya moto ndivyo yalivyo," wifi akadakia. "Jeraha linarudi upya."

"Msemaji, leo nipumzishe masikio," sista akamwambia, akaenda kumwita daktari.

Daktari aliangalia, akachukua majimaji kidogo kwa kijiti cha pamba. "Hili si jeraha la moto. Nadhani ni kirusi. Kwenye ngozi iliyoungua hujitokeza kwa sura ngeni, na tukizembea kitaila ngozi yote tuliyopandikiza. Aanze dawa sasa hivi, ahamie chumba cha peke yake. Hakuna kutembelewa."

"Na mimi je?" wifi akauliza.

"Wewe ndiye wa kwanza kutoka," daktari akasema, akimtazama mdomo.

Chumba chenyewe kilikuwa na kitanda, sinki na dirisha la kioo linalotazama korido. Mlango ukafungwa. Wifi akajibandika kiooni, akinionyesha kwa midomo: jikoni, jikoni. Nilikaa kitandani nikimtazama. Hata nyuma ya kioo yule mwanamke alikuwa bado anaulinda mdomo wangu.

Sista akaniwekea dawa, akavua glavu, akaosha mikono. "Haya, mama. Jumamosi hutoki tena. Mpaka haya yakauke."

Nilianza kulia. Alidhani nimeumia roho. "Pole, utapona tu. Dawa tumeiwahi."

"Sitaki kupona," nikasema.

Akageuka. "Wewe! Unasema nini?"

"Sista, funga pazia kwanza."

Akanitazama mimi, akatazama kioo, akalivuta pazia. Wifi akaanza kugonga. Ulimi wangu ulikuwa mzito, sikumbuki mara ya mwisho nilipojibu mwenyewe swali nililoulizwa. Nikajilazimisha.

"Yale maji hayakunimwagikia. Nilimwagiwa. Na mume wangu."

Sista hakushangaa sana. Alivuta kiti akaketi. "Nakusikiliza. Anzia unapotaka."

Huko nje wifi aligonga kwa viganja viwili, akiniita jina, akimwita Mungu. Sikuanzia jikoni, wala kwenye sufuria. Nilimpa sista majina ya wanangu, na nyumba walipo, na nikamwambia wakachukuliwe leo.