Bunduki Isiyokataa

Bunduki iliyoelekezwa kwenye paji la uso la Delphine ilitoa mlio mdogo tu, kama kijiko kinapogonga ukingo wa kikombe, kisha ikanyamaza. Kijana aliyeishika aliitazama kwa aibu, mfano wa mzazi aliyefedheheshwa na mwanawe mbele ya wageni. Ilikuwa pupu, bunduki ya kienyeji ambayo wafua vyuma wa vijijini huiunda kwa bomba la usukani wa gari bovu. Akavuta tena. Haikuitika. Mwenzake akamtukana, akamshusha Delphine garini kwa panga, nao wakabeba magunia ya samaki wakavu, simu, hata viatu, wakatokomea katika nyasi zilizompita mtu kimo kando ya barabara ya Kabondo-Dianda.

Delphine aliendesha pekupeku hadi Kamina. Njia nzima hakulia. Alipofika nyumbani, mumewe Ngoy, mbadilishaji njia za treni pale stesheni, alimkuta ameketi garini uani, injini imezimwa, mikono bado imeushika usukani.

Tangu siku hiyo gari, pikapu yake ya kubebea abiria na mizigo, lilikaa bila kuendeshwa. Wanawake wa sokoni waliozoea kusafiri naye kwenda Kabondo-Dianda kununua samaki walipita kumjulia hali, wakaagana naye wakilitazama gari kwa jicho la pembeni. Delphine alijua wanachosubiri. Alijua pia jambo ambalo hakumwambia mtu: kwamba uhai wake wote, pumzi yake na chai yake ya asubuhi, ulikuwa umening'inia kwenye ubovu wa chuma cha mtu mwingine. Wazo hilo lilimchoma kuliko woga wenyewe. Hakutaka tena kuishi kwa kubahatika. Alitaka silaha yake mwenyewe, ya halali, na alitaka iwe kinyume kabisa cha ile pupu.

Kibali alikipata baada ya kupanda na kushuka ngazi za maofisi mpaka walinzi wakamzoea. Akaenda kwa Gamaliel.

Gamaliel alikuwa fundi wa injini za treni kabla ya kustaafu, na sasa alitengeneza na kuuza bunduki za wawindaji wenye vibali, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake katika kambi ya wafanyakazi wa reli. Alikuwa mtu wa maneno mengi, mwepesi wa kukasirika, na aliyependa vitu vinavyong'aa.

"Mama Delphine, weye unatafuta ya kuwinda nini? Swala? Nguruwe?"

"Sitafuti ya kuwinda, papa," Delphine alisema, akilionyesha gari lake nje. "Nataka ya kuweka mu mutuka. Yenye haiwezi kukataa."

Gamaliel akatabasamu, akatoa bunduki tatu, akazilaza juu ya blanketi. Ya kwanza ilikuwa ndefu, ya mtutu mmoja. Ya pili ilikuwa nyeusi, mpya, ya kukokiwa kwa kuvuta mkono wa mbele nyuma na kuurudisha. Ilibeba risasi kadhaa tumboni. Ya tatu ilikuwa ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, mifupi kidogo, kitako chake cha mti kimelainishwa na mashavu ya watu wengi.

"Hii nyeusi njo yako," Gamaliel alisema, akiipapasa. "Bantu bakisikia tu sauti yake, banakimbia."

"Tuiingize kwanza mu mutuka," Delphine alijibu.

Gamaliel alishangaa, maana wanunuzi wake walizoea kulenga ukutani na kutikisa vichwa. Delphine aliketi nyuma ya usukani, akajaribu kutoka na kila moja kama mtu aliyeshtuliwa. Ile ndefu iligonga paa, kisha usukani, kisha ikamkwama mlangoni. Akaitoa katika hesabu. Zile mbili akazifunika kwa gunia nyuma ya kiti, akamwambia Gamaliel apande, wakaelekea kwenye machimbo ya zamani ya kokoto nje ya mji. Madirisha aliyaacha wazi makusudi. Vumbi likaingia, likawajaa mpaka kwenye nyusi.

Machimboni, ile nyeusi ililia mara ya kwanza kwa kishindo kizuri. Delphine alipoivuta ili kuiandaa tena, ganda la risasi likatoka nusu, likabaki limebanwa ubavuni. Alivuta, akasukuma, akatumia goti. Haikutii.

"Ni vumbi!" Gamaliel alifoka. "Umeijaza vumbi!"

"Na barabara ya Kabondo-Dianda iko na nini, papa? Marumaru?"

Mzee alinuna kidogo, kisha akacheka mpaka akakohoa. Akampa ile ya mitutu miwili. Ilifunguka kiunoni, pale mitutu inapoungana na kitako, kwa kidole gumba, ikapokea risasi mbili, ikafungwa kwa mlio mnene. Ilikuwa na vifyatulio viwili, kila kimoja na mtutu wake, hivyo kimoja kikileta ukaidi cha pili hakina habari. Delphine alipiga. Bega likamuuma. Akapiga tena. Akaimwagia vumbi, akaipiga. Akaimwagia maji ya dumu, akaipiga. Kila mara iliitika. Alipomaliza, bega lilikuwa limevimba na alikuwa akicheka peke yake, kicheko ambacho hakuwa amekisikia tangu siku ya pupu.

"Umechagua vizuri kunipita," Gamaliel alikiri njiani wakirudi. Kisha sauti yake ikashuka. "Lakini sikiliza. Hii haiulizi. Ukivuta inaitika, hata kama umevuta kwa makosa. Mu mutuka ilale wazi, bila risasi. Risasi zikae mu mufuko yako."

"Na nani atanipa nafasi ya kuziweka?"

"Tazama mbali. Shofere mwenye anatazama mbali iko na nafasi."

Delphine aliitikia kwa kichwa. Moyoni hakukubali. Bunduki tupu aliiona kuwa ndugu wa pupu.

Ngoy aliitazama ile silaha mezani bila kuigusa. "Zamani nilikuwa naogopa bantu ba njia," alisema, maana yake wale wanyang'anyi wa barabarani. "Sasa naogopa bantu ba njia na hii."

"Unataka nikae nyumbani?"

"Hapana. Nataka urudi." Akavuta kiti, akaketi karibu naye.

Safari ya kwanza Delphine aliondoka na Kyabu, mchuuzi mkongwe wa samaki, mwanamke aliyeweza kuongea kutoka Kamina hadi mto Lualaba bila kumeza mate. Bunduki ilikuwa nyuma ya kiti, chini ya gunia. Ilikuwa imefungwa, na risasi zilikuwa ndani.

Mvua ilikuwa imenyesha milimani siku zilizotangulia, ingawa huku chini jua lilikuwa kali na barabara imekauka. Kyabu alikuwa katikati ya kisa cha mkwewe walipokata kona na kuukuta mti umelala njiani. Majani yake yalikuwa bado mabichi. Mti uliokatwa muda huo huo.

Mwili wa Delphine ulijua kabla ya akili. Alikanyaga breki, akafungua mlango, akaivuta bunduki, akaiegemeza juu ya boneti. Wanaume wawili walichomoka nyasini. Wa mbele alikuwa na panga, na alikuwa akikimbia kuwajia, akipunga mkono na kupiga kelele ambazo injini ilizimeza.

"Simama!" Delphine alipaza sauti. "Simama nitakupiga!"

Hakusimama. Panga lilimetameta. Delphine akamlenga kifuani, na kidole chake kikaanza kukivuta kifyatulio, taratibu, kwa uhakika, kama alivyojifunza machimboni. Hapakuwa na woga tena. Palikuwa na utulivu wa ajabu, utulivu wa mtu ambaye jibu lake liko tayari. Alijua kwamba bunduki ingeitika.

Ndipo alipoliona shati la yule mtu. Lilikuwa limelowa hadi kifuani, limemganda mwilini, na tope lilimchuruzika magotini. Siku ya jua kali. Mwizi wa njia hungoja nyasini akiwa mkavu. Huyu alikuwa ametoka majini.

Kidole kikasimama. Delphine alikitoa kwenye kifyatulio kwa shida, kana kwamba kilikuwa cha mtu mwingine na ilimbidi kukibembeleza.

Yule mtu sasa aliiona bunduki. Panga likamponyoka. "Mama!" alisema akihema. "Mama, daraja imeenda! Maji imebeba. Kuna lori imeanguka asubuhi, njo tumekata muti, bantu basianguke tena. Shofere iko pale, mugulu imevunjika."

Kyabu alikiacha kisa cha mkwewe katikati, akafungua mlango.

Delphine aliifungua bunduki kiunoni. Risasi zote mbili zilimwangukia kiganjani, za moto kwa joto la gari. Akaketi chini barabarani, mgongo kwenye gurudumu. Alikaa hivyo mpaka Kyabu aliposhuka, akazichukua zile risasi bila kuuliza, akazifunga kwenye pindo la kikwembe, kitenge alichojifunga.

"Inuka, mwanangu," Kyabu alisema. "Kuna mugonjwa."

Mgonjwa, dereva wa lile lori, aliitwa Émile. Walimlaza nyuma ya gari juu ya magunia matupu, mguu umefungwa kwa vipande vya mbao, uso umekuwa wa majivu. Yule mtu wa panga, Théo, mkulima wa kijiji cha jirani, alipanda pia ili kumshikilia mguu usirushwe na mashimo, na mwenzake akabaki kuzuia magari. Delphine aligeuza gari kuelekea Kamina. Aliendesha polepole, na kwa mara ya kwanza akatazama mbali kweli: kivuli cha mti, mbuzi wawili kando ya njia, mtu na baiskeli yake juu ya kilima.

Théo alisogea kwenye kidirisha cha nyuma. "Mama, ulikuwa unataka kunipiga?"

"Ndiyo."

Gari likapanda na kushuka mashimo kadhaa.

"Na bunduki yenyewe iko mzuri?"

"Haikatai," Delphine alisema.

Théo akacheka kwa pumzi ndefu ya mtu aliyepona, na Kyabu akamfuata, mwishowe hata Émile akaguna kwamba wasimchekeshe, mguu unauma.

Jioni, Delphine alimsimulia Ngoy yote, na hakuficha kwamba risasi zilikuwa ndani. Ngoy hakumlaumu. Aliuliza kijito kilichobeba daraja kilikuwa na upana gani. Kesho yake alizungumza na wakubwa wake stesheni kuhusu mataruma ya zamani yaliyolundikana nyuma ya karakana, ile miti minene iliyowahi kubeba reli, nao wakaruhusu. Delphine aliyasafirisha kwa gari lake, mzigo baada ya mzigo, na wanaume wa kijiji cha Théo wakayatandika juu ya kijito.

Siku ya kuvuka, Émile alikuwa tayari anajongea kwa magongo, na Gamaliel alikuwa amekuja kutoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Bunduki ililala nyuma ya kiti, imefunguliwa, tupu. Delphine aliwashusha abiria wote watangulie kwa miguu. Akabaki peke yake garini.

Ng'ambo, wanawake wa Kabondo-Dianda walikuwa wamesimama na vikapu vyao vya samaki, wamekinga jua kwa viganja, wakitazama kama litavuka. Delphine aliingiza gia ya kwanza. Taruma la mbele likalia chini ya gurudumu, likainama kidogo, likashika.