Shahamu kwenye Gurudumu la Kulia

Muhsin alikuwa amelala chali chini ya pikapu yake, mchanga umemjaa shingoni, na hasira zake zilianza tangu alfajiri. Gurudumu la nyuma la kulia lilikuwa likilia. Wiki nzima lilikuwa likilia, naye wiki nzima alijifanya hasikii, mpaka leo ambapo mama yake, Bi Biubwa, amekubali kwenda Bweni.

Kukubali huko hakukuwa jambo dogo. Bi Biubwa na dada yake, Bi Sheikha, waligombana kwa ajili ya mgawo wa minazi ya baba yao, na tangu hapo hawakusemezana, si harusini si matangani. Minazi yenyewe sasa imezeeka, haizai. Juzi zikaja habari kutoka Bweni kwamba Bi Sheikha yu kitandani, hata uji haupiti. Bi Biubwa alisikia, akaendelea kuchambua mchele. Leo asubuhi akatoka kavaa buibui, akaketi barazani, akasema, "Kama unanipeleka, nipeleke."

Muhsin alimjua mama yake. Kauli ile isingefika jioni. Angepata sababu tu: jua kali, kuku hawajala, hana cha kumchukulia mgonjwa. Na njia ya Bweni ni mchanga mtupu. Beringi kavu ingekatika katikati ya mashamba, na mama angerudi kwa miguu akisema Mungu hakupenda.

Basi akapiga jeki, akafungua gurudumu, akatoa beringi. Ilikuwa kavu kama kokwa. Akaiosha kwa mafuta ya taa, mafuta yenyewe ya kupangia foleni duka la ushirika, kisha akaenda stoo kuchukua kopo la grisi. Kopo tupu. Kuna mtu alikuwa ameipaka grisi yote kwenye mnyororo wa baiskeli na kulirudisha kopo mahali pake, kifuniko juu, kwa adabu zote.

"Yarabi, nyumba gani hii!"

Mfaume, mvuvi wa Kilwa aliyepiga dago, kambi ya wavuvi, pwani ya hapo, alikuwa uani akikoroga shahamu ya mashua yake, yaani chokaa na mafuta ya ng'ombe, ya kupaka chini ya chombo kisiliwe na wadudu.

"Bwana Muhsin, hii hapa tele. Chombo kikipakwa hii kinateleza chenyewe."

"Gari si mashua, Mfaume!"

Akapanda baiskeli mpaka ofisi ya kijiji. Katibu, Ndugu Ussi, alimsikiliza kwa upole uliomchosha.

"Grisi ipo, ndugu. Lakini ni ya trekta la kijiji."

"Trekta limekufa tangu masika!"

"Litapona. Sasa likipona likakuta grisi haipo, nani atajibu? Mali ya umma hiyo."

 Mtu mwenye minazi yake na pikapu yake, miaka ile ambapo mwenye mali alitiliwa shaka, haikumfaa kubishana na katibu. Muhsin alirudi nyumbani akikanyaga pedali kama anazikomoa.

Alikuta gurudumu limefungwa, jeki imetolewa, na mama yake ameshakaa ndani ya gari. Mfaume alikuwa akinawa mikono.

"Nani kafunga?"

"Mimi, bwana."

 Muhsin akapiga jeki upya, akafungua, akaona weupe umejaa kila pengo la beringi.

"Chokaa! Umetia chokaa kwenye beringi! Itasagika unga kabla hatujafika Kirongwe! Nilikwambia gari si mashua, au nilisema Kizungu?"

Mfaume alitazama vidole vya miguu yake.  Muhsin akatupa spana, ikagonga mlango wa gari, hapo hapo mama yake alipoegemeza mkono. Bi Biubwa hakuuondoa. Chini ya kucha zake zenye hina mlikuwa na weupe ule ule.

"Mwache mtoto wa watu," alisema. "Nimepaka mimi. Yeye nimemfungisha gurudumu tu."

"Mama!"

"Mimi na Sheikha ndio tuliokuwa tukipaka chombo cha baba. Mimi ubavu wa kushoto, yeye wa kulia. Kilikuwa kikiteleza, Muhsin." Akatazama mbele, njiani. "Uliondoka, huji. Nikaona kiburi changu kinarudi, nami nakijua. Nilitaka tuondoke kabla hakijafika."

Muhsin aliona haya. Hasira zote zile, na sasa hakuwa na pa kuzitua. Alimwomba Mfaume radhi, kisha akafanya lile alilolikwepa tangu asubuhi: akafungua magurudumu ya mbele, mazima, aliyoyapaka mwezi uliopita, akachota nusu ya grisi yao. Kuitoa chokaa kulimaliza mafuta ya taa yote, na fulana yake pia. Mama hakushuka garini.

Walifika Bweni jua limelegea, gurudumu likinung'unika kidogo tu. Bi Sheikha alikuwa kitandani, macho kayafumba.

"Shikamoo, dada," alisema Bi Biubwa, akaushika mkono wake.

Marahaba haikuja. Bi Sheikha aliuvuta polepole ule mkono wa mdogo wake mpaka puani, akaunusa.

"Shahamu," akanong'ona. "Umepaka ubavu upi?"

"Wako," alisema Bi Biubwa, akaanza kulia.